Ahadi ni Deni: Halima, Mpishi wa Kwihara

Katika nchi hii ya mashariki ya Tabora ilipita njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikilala Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Unyanyembe. Darasani tuliifundisha njia hiyo kwa majina ya wakubwa: Burton, Speke, Stanley, Livingstone. Leo naomba tumkumbuke mwanamke aliyewakokea moto: Halima, mpishi wa Livingstone.

Zama za Malkia Victoria mtumishi wa nyumbani aliishi kwa jina lake. Huko Uingereza, kijiko kikipotea, msichana wa kazi ndiye aliyepekuliwa kwanza. Na aliyefukuzwa bila barua ya kumsifu alihangaika kupata nyumba nyingine. Huku bara shaka ilikuwa ileile. Livingstone aliibiwa kweli: Januari 1867 watoro wawili waliondoka na sanduku lake la dawa, na aliporejea Ujiji mwaka 1871 alikuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa na msimamizi wake.

Tarehe 18 Februari 1872 alifika Kwihara pamoja na Stanley. Stanley aliondoka Machi. Mwenyewe akabaki akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Katika miezi hiyo Halima aligombana na mwenziwe, Ntaoeka, akatoka nyumbani kwa hasira. Livingstone akatuma kijikaratasi cha kumfuata. Halima akarudi mwenyewe, ila akasimama nje, akitaka tu atokewe na kukaribishwa ndani. Bwana akatoka, akamwambia aingie na asigombane tena, akampa na nguo ya kujikinga na baridi. Kisha akaandika katika shajara yake kwamba tangu ampate hakuwahi kumkaripia. Kwamba hakuiba kamwe, wala hakumwachia mumewe aibe. Na kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Itazameni sifa hiyo. Halima alikuwa mwerevu na msikivu, na hayo Livingstone aliyataja. Lakini hakuona sifa imetimia mpaka aseme kuwa si mwivi. Neno hilo, ambalo siku hizi wengi hulitamka "mwizi", lilikuwa likimngoja mtumishi mlangoni kabla hajaingia. Na anayeahidiwa uhuru ni yule asiye nao: Livingstone alimpata Halima kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa misafara. Aliyeibiwa hapo ni nani?

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo. Watumishi wake wakaitana wote, masanduku yakafunguliwa mbele ya macho yao, na Jacob Wainwright akaandika orodha ya vilivyokuwamo. Walijua kuwa huko waendako wataulizwa. Oktoba wakaingia Unyanyembe na mwili wa marehemu. Luteni Cameron aliwashauri wamzike papo hapo, wakakataa. Akafungua masanduku, akachukua vyombo vingi vya kupimia kwa safari yake mwenyewe, wala hakuna aliyemwita mwivi. Februari 1874 amana ilifika Bagamoyo. Halima alikuwa msafarani.

Mwaka huohuo shajara zilichapishwa London. Mhariri, Horace Waller, alipofika kwenye ahadi ya nyumba na bustani, aliongeza maelezo mafupi chini ya ukurasa: kwamba Halima aliufuata mwili hadi Zanzibar, na kwamba yaonekana ni jambo gumu kifo cha bwana wake kuacha utumishi wake wa muda mrefu bila malipo yoyote. Baada ya hapo kitabu kinaendelea na safari.

Kwetu, kabla maiti haijaingia kaburini, husimama mtu wa ukoo akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali ambapo desturi hiyo haijulikani, na mdai wake hakuwapo.

Malenga wenzangu, tunazo tungo nyingi za wapiganaji na za wasafiri. Ya mpishi huyu aliyesimama nje akingoja kuambiwa "karibu" bado sijaisoma. Atakayeitunga, aanzie hapo mlangoni.