Jina Jipya katika Daftari la Kale

Mtoto huzaliwa hana jina, na lile analopewa hupewa na wengine. Hayo yajulikana na kila mtu. Lisilofikiriwa sana ni kwamba katika mila nyingi jina hilo la kwanza halikukusudiwa kuwa la mwisho. Katika Afrika ya Mashariki mtu aliweza kuitwa kwa jina la utotoni, akapata jingine kwa ubatizo au kwa kusilimu, na alipojaliwa mwana akawa Mama Fulani au Baba Fulani hata majirani wakalisahau lile la awali. Majina yalikwenda pamoja na umri, wala hapakuwa na karani wa kumwuliza mtu ni nani aliyemruhusu kuliacha la zamani. Swali hilo lililetwa na daftari.

Uingereza, ambako ndiko zilikotoka sheria nyingi za usajili za nchi hizi, ilianza kuviandikisha vizazi vya England na Wales katika daftari la serikali tarehe 1 Julai 1837. Humo mliandikwa siku na mahali pa kuzaliwa, jina la mtoto, jinsia yake, na wazazi wake. Kwa kutazama, mambo hayo yalikaa pamoja katika mstari mmoja. Kwa sheria yalikuwa mbalimbali kabisa. Jina lilikuwa huru. Sheria ya mapokeo ya Waingereza humwachia mtu mzima ajiite atakavyo, maadamu hakusudii kuwadhulumu watu kwa hila, na jina likishajulikana kwa kutumiwa huwa ndilo lake. Atakaye ushahidi wa maandishi huandika hati, akatia sahihi mbele ya shahidi, na kutamka kwamba ameliacha jina la kwanza moja kwa moja. Hati hiyo ni ya upande mmoja, haina mwenzi wa kukubaliana naye. Ndiyo sababu karatasi yake hapo kale ilinyolewa ukingo sawasawa, hali mikataba ya watu wawili ilikatwa meno meno ili vipande vyake vipate kulinganishwa. Jinsia, kwa upande wake, haikuwa na hati ya namna hiyo. Iliyoandikwa siku ile iliandikwa kabisa, isipokuwa ithibitike kuwa mwandishi alikosea.

Tofauti hiyo, ambayo machoni pa wanasheria wa karne ya 19 haikuwa na uzito wowote, ilikuja kuamua maisha ya watu waliobadili jinsia katika karne ya 20. Hakuna ambaye habari zake zalionyesha jambo hili waziwazi kuliko daktari Michael Dillon.

Dillon alizaliwa London tarehe 1 Mei 1915, katika ukoo wa Ireland wenye cheo cha baroneti wa Lismullen. Akaandikwa msichana. Mama yake alifariki siku chache baadaye, na mtoto huyo pamoja na kaka yake Robert wakalelewa na shangazi zao mjini Folkestone. Alisoma Oxford katika jumuiya ya wanafunzi wanawake ambayo baadaye iliitwa chuo cha St Anne's, akawa rais wa chama cha wanawake cha kupiga makasia, akahitimu mwaka 1938. Mwaka uliofuata, akifanya kazi katika maabara, alipata kwa daktari mmoja vidonge vya testosteroni, yaani ile homoni inayoleta sauti nzito na ndevu. Siri yake ikatobolewa na daktari mwingine, wa maradhi ya akili, naye akakimbilia Bristol kufanya kazi ya gereji. Ilikuwa miaka ya vita. Usiku alikesha akilinda jengo lisiungue kwa mabomu. Mchana alitia watu petroli na kuvuta magari mabovu. Kadiri dawa ilivyofanya kazi, wateja wageni walimchukulia kuwa kijana wa kiume na kumsemesha hivyo.

Hapa msimulizi wa Kiswahili ana nafuu asiyokuwa nayo Mwingereza. Twasema alizaliwa, alisoma, alikesha, na kitenzi hakitulazimishi kuamua kama ni mume au mke. Mwingereza hawezi kumaliza sentensi mbili bila ya kulichagua neno, na neno hilo humfichua mtu mbele ya wasikilizaji. Lakini tusijivune kupita kiasi. Ukoo wa majina ya pwani una bin na binti, na mtu aliyeandikwa binti Juma amekwisha kutajwa jinsia yake kabla hajaulizwa.

Katika hospitali ya Bristol, mwaka 1942, mpasuaji mmoja alimwondoa matiti, kisha akampa barua ya kumsaidia kurekebishiwa cheti cha kuzaliwa, na kumwelekeza kwa Harold Gillies, yule mpasuaji mashuhuri wa askari walioharibika nyuso. Cheti kilirekebishwa mwaka 1944. Ni vema kuitazama sheria iliyotumika, kwani ndiyo kiini cha habari yote. Sheria ya vizazi na vifo ya mwaka 1874 ilikuwa na mlango mmoja tu, nao ni mlango wa kosa. Watu wawili wanaojua ukweli waliweza kutoa tamko la kisheria kwamba jambo fulani liliandikwa visivyo, na msajili akaandika sahihisho pambizoni. Maneno ya kwanza hayakufutwa. Serikali basi haikukiri kuwa mtu amebadilika. Ilikiri kuwa karani wa mwaka 1915 alikosea. Kwa hesabu ya daftari, Laurence Michael Dillon alikuwa mwanamume tangu siku ya kwanza, na ile miaka ya chuo cha wanawake ikageuka kuwa kitendawili.

Kitendawili hicho kilimngoja mara alipotaka kusomea udaktari katika Trinity College, Dublin, mwaka 1945. Alihitaji cheti cha Oxford. Jina jipya halikutosha, kwa kuwa cheti chenye jina la kiume kutoka chuo cha wanawake kingezua maswali hayo hayo aliyoyakimbia. Mwalimu wake wa zamani alimsihi msajili wa Chuo Kikuu, na rekodi ikaandikwa upya: Dillon alihitimu kutoka Brasenose, chuo ambacho wakati huo kilikuwa cha wanaume watupu.

Jambo hili wasomi hawana ruhusa ya kulipita mbio. Kwa mizani ya mwanahistoria rekodi hiyo ni ya uongo. Dillon hakukaa Brasenose hata siku moja. Atakayeifanyia hesabu orodha ya wahitimu wa chuo hicho atakuwa amehesabu mtu mmoja zaidi, na chuo cha wanawake kimenyang'anywa rais wake wa makasia. Walakini cheti ambacho kingeandikwa sawasawa na kumbukumbu za kale kingemnyima mwenyewe matunda ya masomo aliyoyasoma kweli, kwa sababu hapana mkuu wa chuo cha udaktari ambaye angemtambua mwenye cheti kuwa ndiye aliyesimama mbele yake. Msajili wa Oxford alikuwa na njia mbili, zote zimepinda, akachagua ile isiyomdhuru mtu. Kosa, kama lilikuwako, lilianzia katika kudhani kwamba cheti cha elimu hapana budi kiseme kama aliyefaulu ni mume au mke.

Dillon akasoma Dublin na kuhitimu udaktari mwaka 1951. Kati ya mwaka 1946 na 1949, wakati wa likizo, Gillies alimfanyia upasuaji mara kumi na tatu katika Rooksdown House, Basingstoke. Mwaka 1946 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kidogo, Self, kilichojadili kwa lugha ya utabibu na maadili hali ya watu wa namna yake, bila ya kujitaja mwenyewe popote.

Akawa daktari wa meli. Baharini jina la mtu ni lile lililoko katika orodha ya mabaharia, wala hapana shangazi wa kulipinga. Lakini ukoo wa kibaroneti una madaftari yake. Vitabu viwili vilishindana Uingereza katika kuandika nasaba za makabaila, Debrett na Burke. Cheo cha Lismullen kilirithiwa na wanaume tu, na kaka yake Robert hakuwa na mtoto. Debrett kilimtaja Laurence Michael kuwa mrithi. Burke kikaendelea kumtaja dada tu. Mwaka 1958 hitilafu hiyo iligunduliwa, na waandishi wa magazeti wakamfuata hadi melini, huko Baltimore. Hati zote za serikali zilikuwa upande wake. Kilichomvunja ni kitabu cha faragha ambacho hakuna sheria iliyokifanya kuwa ushahidi wa lolote.

Hakurudi tena katika maisha ya awali. Alikwenda India, akaingia utawa wa Kibudha, akapewa jina la Jivaka, jina la tabibu wa Buddha katika mapokeo, na mwaka 1960 alikaa katika monasteri ya Rizong, Ladakh, kama mwanafunzi mnyonge wa watawa. Jina hilo la tatu halikuhitaji hati wala tamko la mashahidi wawili. Alifariki Dalhousie tarehe 15 Mei 1962, umri wake miaka 47. Kumbukumbu zake alizozimaliza mwaka huo huo zilichapishwa mwaka 2017, na jalada likabeba majina mawili, Michael Dillon na Lobzang Jivaka.

Mlango wa kosa alioupitia Dillon ulipitiwa na wengine wachache. Roberta Cowell, rubani wa vita na dereva wa magari ya mashindano, alirekebishiwa cheti mwaka 1951. Ewan Forbes, daktari wa Uskoti, mwaka 1952, na kesi ya urithi wa cheo chake ikasikilizwa kwa siri mwaka 1967. Mlango ukafungwa tarehe 2 Februari 1970. April Ashley, mzaliwa wa Liverpool aliyepasuliwa Casablanca mwaka 1960, alikuwa na jina la kike kwa hati na pasi ya kusafiria yenye jina hilo. Akaolewa mwaka 1963. Ndoa ilipofika mahakamani, Jaji Ormrod, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu pia, aliamua kwamba jinsia ya ndoa ni ile iliyoko katika mwili wakati wa kuzaliwa. Tangu hapo Mwingereza aliweza kubeba mfukoni jina la mwanamke na kuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanamume, kila kimoja kikiwa halali. Mgongano huo ulidumu hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipoilaumu Uingereza mwaka 2002 katika shauri la Christine Goodwin, na Bunge likatunga sheria mpya mwaka 2004. Ashley alipata cheti chake mwaka 2005, akiwa na miaka 70.

Sheria hizo za zamani zilisafiri. Kenya ilipata sheria yake ya vizazi na vifo mwaka 1928, wakati wa ukoloni, nayo yafanana na mama yake. Kabla ya hapo Mkenya alikuwa amekwisha kuonja daftari la namna nyingine, yaani kipande, kilichoanza kutumika kwa nguvu mwaka 1920: karatasi yenye jina na alama za vidole ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kipande kilikuwa cha wanaume Waafrika tu, kwa maana kilitafuta vibarua. Serikali ilitaka kujua jina na jinsia ya mtu ili ijue ni nani wa kurudishwa shambani akitoroka. Baada ya uhuru, kanuni za mwaka 1967 ziliratibu kubadili jina: hati huandikishwa katika Masjala ya Hati, kisha tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi. Mtu akiyapitia matangazo hayo huwaona wanaoacha majina ya wazungu, wanaoacha ya waume, na wanaosahihisha herufi moja tu iliyokosewa shuleni. Hakuna anayedaiwa sababu.

Ndiyo njia aliyoipita Audrey Mbugua. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 katika shule ya wavulana ya Kiambu, akasoma sayansi za tiba Chuo Kikuu cha Maseno, kisha akabadili jina kwa hati. Jina likabadilika, cheti cha mtihani hakikubadilika. Kila alipokwenda kuomba kazi, karatasi ilimtaja mtu mwingine. Hali ni ile ile ya Dillon mbele ya Trinity College, ila Nairobi hapakuwa na mwalimu wa zamani wa kunong'ona na msajili. Baraza la Mitihani la Taifa lilipokataa, alikwenda Mahakama Kuu mwaka 2013.

Mwaka 2014 ulileta hukumu mbili. Julai, Jaji Odunga aliamuru shirika la watu waliobadili jinsia ambalo Mbugua alikuwa miongoni mwa waombaji wake lisajiliwe. Tarehe 7 Oktoba, Jaji Weldon Korir akatoa uamuzi juu ya cheti. Hakumtaka msajili aseme kwamba karani alikosea, wala hakutafuta Brasenose ya kumhamishia mtahiniwa. Alizisoma kanuni za mtihani akaona kwamba hazilazimishi alama ya jinsia kuwako. Akasema kwamba maksi hupatikana kwa uwezo wa mtahiniwa, si kwa jinsia yake, na kuiondoa alama hiyo hakupunguzi thamani ya cheti. Baraza likaamriwa kutoa cheti kipya chenye jina la Audrey Mbugua, pasipo herufi ya kuonyesha mume au mke.

Amri hiyo ilihusu cheti cha mtihani peke yake. Haikuligusa daftari la vizazi.