Kuuguliwa

Kiswahili kina kitenzi ambacho Kiingereza hakina: kuuguliwa. Mgonjwa anaugua, na mtu wake anauguliwa. Kimeundwa kama kufiwa. Anayekufa ni mmoja, lakini wanaofiwa ni ukoo, na pole hupewa wao. Mfanyakazi akimwambia mkubwa wake "nimeuguliwa na mama," haulizwi mengi. Inaeleweka kwamba ugonjwa umo mwilini mwa mama, ila kazi ya ugonjwa imemwangukia mtoto.

Ukanda wa Ziwa Victoria una historia ndefu ya saratani, na baadhi ya mambo ambayo dunia inayajua kuhusu saratani ya watoto yalianza kufahamika huku. Historia hiyo imeandikwa kuhusu wanaougua, na zaidi kuhusu madaktari. Wanaouguliwa wanaonekana pembeni tu, kama watu waliokatwa nusu kwenye picha. Nataka tuwatazame wao.

Mahali pazuri pa kuwaona ni Mkuyuni. Mabasi ya Geita, Kagera na Shinyanga hushusha abiria stendi ya Nyegezi, kisha daladala huwabeba kupitia Butimba, Mkuyuni na Igogo hadi mjini, chini ya kilima cha Bugando. Mkazi wa Mkuyuni akizoea njia hiyo hujifunza kuwatambua wanaokwenda hospitali, na huwa wawili. Mmoja amejifunga kanga shingoni ingawa kuna joto. Mwingine amebeba bahasha kubwa ya kaki, chupa ya chai na simu isiyoacha kuita. Wa pili ndiye anayemuuliza kondakta pa kushukia. Ndiye atakayeuliza kila kitu kuanzia hapo.

Kazi yake ni ya kale kuliko hospitali. Katika kaya ya Kisukuma, maradhi yasiyoeleweka yalikuwa jambo la banamhala, yaani wazee, na la ndugu wa karibu. Walikaa, wakapima, wakachagua wa kumtuma kwa nfumu. Mgonjwa mwenyewe aliweza kubaki kitandani. Ndugu ndiye aliyebeba kifaranga ambacho mganga angekipasua na kukisoma, na ndiye aliyerudi na jibu ili lijadiliwe upya. Jibu lisiporidhisha, walikwenda kwa mwingine. Mwaka 1978 mtafiti John Janzen alichapisha kitabu kuhusu mambo ya namna hii katika eneo la chini la mto Kongo, akaonyesha kwamba kundi la ndugu ndilo lililosimamia tiba: lilichagua mganga, lililipa, na liliamua lini waache na kujaribu kwingine. Kiswahili kilikuwa na neno la jambo hilo zamani. Ni shauri. Kwetu neno hilo moja lina maana ya ushauri, na pia ya kesi au jambo linalowakalisha watu kitako.

Hospitali ilipokuja, ililikuta shauri likiendelea, na haikujua ilipangie wapi.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji aliyetoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile, ameketi na mama yake kwenye majani. Kilichofuata ni sehemu ya historia ya tiba duniani. Burkitt aliandika makala mwaka 1958. Alituma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni barani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri takriban maili 10,000 kwa wiki 10, wakipita hospitali zaidi ya 50 kuuliza swali moja: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Waligundua kwamba uvimbe ule ulifuata joto na mvua, mahali palepale penye malaria nyingi. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakapata humo kirusi ambacho kilikuja kuwa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Simulizi hiyo husifiwa kwa sababu ya daktari aliyeuliza, na anastahili. Lakini rudi Jinja, kwenye majani. Mtoto wa umri ule hawezi kujileta hospitali. Mama yule alikuwa amekwisha kufanya safari yake kabla daktari hajaanza ya kwake. Kuna watu aliowauliza, kuna dawa alizojaribu, kuna aliyemwambia apeleke mtoto kwa wazungu na pengine aliyemkataza. Hakuna aliyeyaandika. Uvimbe ukapewa jina la Burkitt, na mama hatujui hata alitoka kijiji gani.

Miaka michache baadaye, dawa zilianza kuonyesha maajabu. Uvimbe wa watoto wengine uliyeyuka baada ya dozi chache, na mwaka 1967 kituo cha kutibu maradhi hayo kilifunguliwa Kampala, ambacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Upande wetu wa ziwa, kati ya 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini kwa mpango maalumu, hospitali ya Shirati ikiwa karibu na kazi hiyo, ili ijulikane kama kuzuia malaria kungepunguza uvimbe wa taya. Wagonjwa walipungua, lakini ilionekana walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa, na jibu likabaki na utata. Hapa tena, mzazi ndiye aliyemshika mtoto ameze kidonge kichungu. Katika ripoti, mtoto ni namba na mzazi hayumo kabisa.

Kwa mtu mzima mwenye saratani, swali lilikuwa la umbali. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za maaskofu Wakatoliki, ikataifishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu iendeshwe kwa ubia na serikali. Ilikuwa na madaktari wa upasuaji, lakini mionzi ilikuwa Dar es Salaam, katika jengo la Wajerumani ufukweni lililokuja kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road mwaka 1996. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa treni, kupitia Tabora na Dodoma, ilikuwa safari ya karibu siku mbili, na mionzi yenyewe ni ya wiki kadhaa. Hivyo rufaa iliyoandikwa kwa mistari mitatu ilizaa kikao cha usiku kucha. Nani aende naye? Atafikia kwa nani? Ng'ombe gani auzwe, na watoto wa anayeuguza walale kwa nani? Saratani imewekwa na sera ya taifa miongoni mwa magonjwa ya msamaha, lakini msamaha haukati tiketi wala haupiki chakula. Ni katika miaka ya 2010 ndipo Bugando ilipojenga huduma ya saratani na hatimaye mionzi, na safari ya siku mbili ikageuka kuwa daladala ya Nyegezi. Mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa, na mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko.

Umbali umepungua. Ukimya haujapungua kwa kiasi hichohicho.

Saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kaa. Kansa imetoka Kiingereza, ambacho kililichukua kutoka Kilatini, na huko nako ni kaa, kwa sababu waganga wa Ugiriki ya kale waliona uvimbe wenye miguu iliyotambaa. Tuna majina mawili ya mnyama mmoja, na majumbani mwetu hayatajwi yote mawili. Husemwa "uvimbe," "kidonda," au "ule ugonjwa." Mwaka 1999 neno lilitamkwa mbele ya taifa. Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, mtu wa ukanda huu wa ziwa, alilazwa London akiwa na kansa ya damu, na tarehe 14 Oktoba Rais Mkapa alitangaza kifo chake. Nchi nzima iliuguliwa, kisha ikafiwa. Jina la ugonjwa likajulikana hadi vijijini, ila wapo waliobaki na hesabu ya kutisha: kama yeye, mwenye madaktari wa London, amekwenda, mimi nitarudi?

Kwa hiyo desturi ikaendelea. Daktari humwita ndugu pembeni. Ndugu hurudi kitandani akitabasamu na kusema ni vidonda vya tumbo. Kabla hatujaita jambo hili ushamba wa Kiafrika, tukumbuke Marekani. Mwaka 1961, mwaka uleule wa safari ya Burkitt, uchunguzi miongoni mwa madaktari wa huko ulionyesha kwamba asilimia 90 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 maswali yaleyale yaliporudiwa, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Katika miaka hiyo 18 tiba ilikuwa imeanza kuwa na la kutoa, na wagonjwa walikuwa wameanza kudai. Kuficha ni tabia ya mahali ambapo watu wanaamini hakuna kinachofuata baada ya jina.

Pengo hilo kati ya jina na kinachofuata lina wanaolijaza. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa walitolewa wodini, na magazeti yaliripoti waliofia njiani. Hata viongozi walionekana wakinywa. Ni rahisi kucheka sasa. Lakini tazama kikombe kilikuwa na nini. Bei ilikuwa moja kwa wote na ilijulikana kabla ya kuondoka nyumbani. Maelezo yalikuwa ya Kiswahili chepesi. Na aliyemsindikiza mgonjwa naye alikunywa. Mtu aliyezoea kuachwa kwenye benchi la nje akaingizwa ndani ya tiba. Dawa haikuponya saratani, na waliokatiza matibabu kwa ajili yake walilipa kwa maisha. Iliyowavuta ilikuwa njaa ya kweli, na haijaisha. Leo imehamia kwenye simu, kwenye majani ya mstafeli yanayosifiwa katika kundi la WhatsApp la ukoo saa sita za usiku.

Upande wa pili wa ziwa kuna jibu lingine. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, kwa morfini ya maji ambayo ni rahisi kutengeneza na hunywewa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo waandike morfini wenyewe. Sifa yake kubwa, kwa macho yangu, ni kwamba ilimtazama anayeuguliwa na kumpa kazi. Binti alifundishwa kupima dozi, kuandika saa, kutambua maumivu yanapopanda, na kujua wa kumpigia. Hakuambiwa "subiri nje."

Msomaji wangu, yaelekea wewe ndiye msomi wa ukoo wako. Kwa hiyo ipo siku simu itakuja: wewe umesoma, hebu tusomee hii karatasi. Utakuwa umetumwa kama alivyotumwa yule wa kifaranga, na ukoo utasubiri urudi na jibu. Omba jina kamili la ugonjwa, na kama kipande cha nyama kimepimwa maabara, kwa maana bila hicho kila mmoja anakisia. Uliza umefikia wapi. Uliza tiba inayopendekezwa ni ya kuponya au ya kupunguza mateso, kwa sababu ng'ombe huuzwa kwa matumaini tofauti katika hali hizo mbili. Uliza ni safari ngapi na nini hakimo katika msamaha. Waulize hospitali kama wana huduma ya kutuliza maumivu, na uulize mapema, maana si ya siku ya mwisho peke yake. Majani ya mstafeli yakitajwa, usimdhalilishe shangazi aliyeyatuma. Mwambie daktari yanayonywewa, na mwambie shangazi kwa nini tiba isikatizwe. Mchangieni fedha mgonjwa, na mpumzisheni anayelala chini ya kitanda chake, maana naye ana mgongo.

Kisha liko swali ambalo shauri letu la kale lilikuwa dhaifu kwalo. Banamhala walijua kuulizana. Daktari wa leo anajua kumuuliza ndugu. Mgonjwa, ambaye kikao chote kinamhusu, mara nyingi ndiye pekee ambaye hajaulizwa anataka kujua kiasi gani, na anataka nini kifanywe kwa nguvu alizobakiza. Huenda atasema msiniambie, amueni ninyi. Hilo nalo ni jibu, na mtakuwa mmelipata kwake. Huenda atasema kwamba alijua tangu siku ile mliporudi mkitabasamu, na kwamba amekuwa akinyamaza ili asiwaumize.