Pete ya uchumba yenye jiwe la mwezi: Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

KIJANA anayejiandaa kumvisha mchumba wake pete siku hizi hakosi kusikia habari za jiwe la mwezi. Ni kito cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji, chenye mwanga wa samawati unaoelea ndani yake kila mkono unapogeuka. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya almasi, na sura yake haifanani na ya pete walizovishwa jirani na binamu. Sababu hizo mbili zatosha kumvuta mtu ambaye bado anadaiwa mahari. Tatizo ni kwamba jiwe lenyewe ni laini, ilhali pete ya uchumba huvaliwa kila siku: jikoni, shambani na ndani ya matatu.

Jiwe hili halina uhusiano na mwezi isipokuwa kwa sura. Ni madini ya jamii ya feldispa, jamii iliyotapakaa kuliko nyingine zote katika gamba la dunia. Mwamba ulipokuwa ukipoa, aina mbili za feldispa zilitengana ndani yake, zikajipanga matabaka membamba yaliyolaliana kama kurasa za kitabu. Nuru ikipenya hapo hutawanyika, na huo ndio mwanga unaoelea. Matabaka yakiwa membamba sana, mwanga huwa wa samawati; yakiwa manene, huwa mweupe. Wahindi wa kale waliliita kwa Kisanskriti chandrakanta, yaani kipenzi cha mwezi. Nalo jimbo la Florida nchini Marekani lililitangaza kuwa kito chake rasmi mwaka wa 1970 kwa heshima ya wanaanga waliotua mwezini, ingawa jiwe lenyewe halichimbwi humo!

Mawe yanayosifiwa zaidi ni yale angavu kama tone la maji yenye mwanga wa samawati, na Sri Lanka, hasa eneo la Meetiyagoda kusini mwa kisiwa hicho, imejijengea jina kwa mawe hayo. India hutoa pia yenye rangi ya kijivu, kahawia na ya ndani ya pera. Haya ni nafuu zaidi, na kwa maoni ya mwandishi huyu yanapendeza kwenye ngozi zetu kuliko meupe.

Sasa turejee kwenye ulaini. Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka wa 1812, kinachoanzia 1 hadi 10. Almasi ina 10, rubi na yakuti samawi 9, tsavoraiti ya kijani ya Taita Taveta ina kati ya 7 na 7.5. Jiwe la mwezi lina 6 hadi 6.5. Chembe za mchanga zilizomo katika vumbi la kawaida zina 7, kwa hivyo vumbi la barabarani pekee lina uwezo wa kulikwaruza. Isitoshe, yale matabaka yanayolipa uzuri ndiyo udhaifu wake, kwa kuwa likigongwa kwenye karai au ukingo wa meza huweza kupasuka likafuata mstari ulionyooka. Mikwaruzo husuguliwa ikaondoka. Ufa hauna dawa.

Ndiyo maana namna jiwe lilivyoshikiliwa ni muhimu kuliko ukubwa wake. Sonara akikuonyesha pete ambayo jiwe limeinuliwa juu na kushikwa kwa kucha nne, mwombe nyingine. Inayofaa ni ile ambayo dhahabu imelizunguka jiwe pande zote kama ukuta, na jiwe limekaa chini karibu na kidole. Kuhusu dhahabu yenyewe, kagua mhuri ulio upande wa ndani: 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Fedha huandikwa 925, nayo hukwaruzika na kupinda upesi.

Ulaghai nao haukosekani. Kijana mmoja tuliyefanya kazi naye aliagiza pete kupitia intaneti, akaletewa kipande cha kioo cha rangi ya maziwa. Kioo cha namna hiyo huonekana cha samawati kikiwekwa juu ya kitambaa cheusi, na cha rangi ya chungwa kikiinuliwa kwenye mwanga, lakini mng'ao wake umetanda kote bila kusogea. Katika jiwe halisi mwanga huteleza juu ya mgongo wake unapoliinamisha, na katika pembe fulani hutoweka kabisa. Tumia pia kioo cha kukuzia. Viputo vya duara ni dalili ya kioo, ilhali nyufa ndogo zilizojipanga kama miguu ya tandu ni alama inayojulikana ya jiwe la mwezi. Lipo pia linalouzwa kama jiwe la mwezi la upinde wa mvua, lenye kumetameta rangi nyingi. Hilo si bandia, lakini ni feldispa ya aina nyingine iitwayo labradoraiti, na muuzaji mwaminifu atakueleza hivyo kabla hujauliza.

Iwapo mchumba wako ni muuguzi, fundi, mkulima au mtu yeyote anayetumia mikono kutwa nzima, tsavoraiti au yakuti samawi itamfaa zaidi. Tanzanaiti haitakuokoa, kwani nayo ni laini karibu sawa na jiwe la mwezi. Lakini kama ameshasema moyo wake uko kwenye jiwe la mwezi, mnunulie, kisha mkubaliane kwamba pete itavuliwa wakati wa kufua, kupika na kulala.

Kidole kipimwe jioni, kwa sababu asubuhi yenye baridi huwa kimesinyaa. Aliyepimwa Limuru Julai asishangae pete ikimbana Mombasa. Kupanua pete baadaye kunawezekana, ila mwambie sonara alitoe jiwe kwanza kabla ya kuwasha moto, maana joto kali hulipasua. Kulisafisha ni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na mswaki laini, wala lisitiwe katika mashine za kuoshea vito kwa mitetemo. Likihifadhiwa, lifungwe katika kitambaa chake peke yake, mbali na pete zenye almasi.