Kidonda cha Kidari na Kambi za Njiani

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo katika karne ya 19 alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kwa miezi miwili au mitatu. Pembe ikifika pwani ilipimwa na kuandikwa daftarini. Mpagazi aliyeugua kidonda akashindwa kutembea, mara nyingi aliachwa kambini, na jina lake likapotea.

Nimeikumbuka njia hiyo kwa sababu ya shemeji yangu. Alifanyiwa upasuaji wa moyo mbali na kwao, akaruhusiwa kurudi kijijini, magharibi ya Tabora. Siku ya 16 akashikwa na homa. Mshono ukatoa usaha, na kila alipokohoa alihisi mfupa wa kidari ukigongana. Zahanati ikampa vidonge na kumwambia asubiri. Akasubiri siku tisa.

Kidonda cha namna hiyo kina historia yake. Mwaka 1897 Herbert Milton, daktari wa hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo, alieleza jinsi ya kuingia kifuani kwa kuupasua mfupa wa kidari katikati. Baada ya 1957 mlango huo ukawa njia kuu ya kuufikia moyo. Lakini vijidudu navyo huweza kuupitia, na vikizama chini ya mfupa huwa jirani na moyo wenyewe. Hapo mwanzo kidonda kiliachwa wazi, na wagonjwa wengi walikufa. Mwaka 1963 Shumacker na Mandelbaum wa Marekani walieleza namna ya kukisafisha kwa dawa iliyopitishwa katika mipira. Mwaka 1980 Jurkiewicz na wenzake wakaonyesha kwamba shimo likisafishwa hujazwa msuli wa kifua wa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa nyama yenye damu hai hupambana na maambukizi. Leo madaktari hufungua kidonda, huondoa nyaya na mfupa uliokufa, hupeleka sampuli maabara, hutoa viuavijasumu kwa majuma kadhaa, na mara nyingi hutumia sifongo na pampu ya kufyonza usaha kabla ya kukifunga.

Misitu ya miombo ya Tabora nayo haiko mbali na habari hii. Mwaka 1985 madaktari wa Paris waliripoti kwamba walijaza sukari ya kawaida katika vidonda hivi, nayo ikasaidia kuvisafisha. Sukari huvuta maji, vijidudu vikakosa unyevu wa kuishi. Asali, ambayo wazee wetu waliipaka vidondani, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ingawa asali ya jikoni haifai kumiminwa kifuani, kwani huweza kubeba mbegu za vijidudu. Nta ya nyuki nayo, tangu Horsley alipoeleza mchanganyiko wake mwaka 1892, hupakwa kwenye mfupa uliokatwa ili kuzuia damu. Baadaye wapasuaji wakashuku kwamba ikibaki humo huchelewesha kupona. Mzinga mmoja, mafunzo mawili.

Sukari, msuli na pampu, vyote vinategemea jambo moja: mgonjwa afike mapema. Muhimbili ilianza upasuaji wa moyo uliofunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ni hatua ya kujivunia, kwa taifa lililozoea kuwapeleka wagonjwa wake India. Lakini maambukizi haya hujitokeza zaidi katika majuma ya mwanzo, wakati mgonjwa ameshateremka treni na kurudi kijijini.

Msafara wa zamani haukuishi kwa Bagamoyo peke yake. Uliishi kwa kambi zenye maji na chakula. Tiba nayo inataka kambi zake. Nawaambia watumishi wa umma wanaonisoma: kila aliyepasuliwa kifua arudi na karatasi ya Kiswahili yenye dalili tatu, usaha, homa na mfupa unaocheza, pamoja na namba ya simu ya waliompasua. Na kila zahanati ijue kwamba akifika na dalili hizo hapewi vidonge akasubiri, bali simu inapigwa siku hiyohiyo.

Shemeji yangu yu hai. Alifunguliwa tena, akakaa wodini majuma saba, akauza ng'ombe wake wote. Siku tisa zile hakuna daftari lililoziandika. Ndiyo maana nimeziandika hapa.