Kabla Hujauliza Kama MySQL ni Bure, Uliza ni ya Nani

Kila nikiposti kitu kuhusu databesi, maswali ni yale yale. "Kaka, MySQL ni bure kweli ama baadaye watanidai?" "MySQL na MariaDB, tofauti ni gani?" "Laptopu ikiibiwa, data yangu inaenda wapi?" Wanaouliza ni vijana wenzangu, sisi tusiokaa kisiwani: Likoni, Mshomoroni, Mikindani, Magongo. Wengine wako chuo, wengine wanataka tu kumtengenezea mamake programu ya duka. Leo nayajibu kwa historia, kwa sababu hii historia imepita hapa hapa Kenya na wengi wetu hatujui.

Kwanza databesi yenyewe. Fikiria mwenye duka ana madaftari mawili. La kwanza ni la wateja: jina, simu, na kila mtu ana namba yake. La pili ni la madeni: namba ya mteja, amekopa nini, shilingi ngapi. Mteja akibadilisha simu, unarekebisha daftari la kwanza peke yake, madeni hayaguswi. Ndiyo hiyo databesi ya majedwali yanayohusiana, basi. Wazo hilo liliandikwa mwaka 1970 na E. F. Codd, Muingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule Marekani. Kwa miaka mingi baadaye, programu nyingi za kazi hiyo ziliuzwa na makampuni makubwa, kwa bei ambayo duka la mtaani haliwezi hata kuiota.

MySQL ilitoka Sweden mwaka 1995, kazi ya Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson. "My" ni jina la binti yake Widenius. Mwaka 2000 wakaiweka chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inakuruhusu kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Sharti ni kwamba ukiisambaza, na wewe uwape wengine haki zile zile ulizopewa.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 2008 kampuni ya Sun Microsystems ikainunua MySQL kwa dola bilioni 1 hivi. Januari 2010 Oracle ikamaliza kuinunua Sun, na Oracle ni watu wanaouza databesi yao wenyewe. Watumiaji wakaingiwa na wasiwasi: kwani mtu atalisha mshindani wake? Lakini Widenius alikuwa ameshachukua msimbo ule ule na kuanzisha tawi lingine mwaka 2009, akaliita MariaDB, jina la binti yake mdogo. Alikuwa ameshaiuza kampuni, na bado akaweza, kwa sababu leseni ilimruhusu yeye kama inavyokuruhusu wewe. Ndiyo maana hizo mbili zinafanana kama ndugu, ingawa miaka inavyokwenda kila moja inashika njia yake.

Hapo ndipo neno "bure" linapopata maana. Kutolipa ni sehemu ndogo tu. Kubwa ni kwamba mwenye mali akibadilika, wewe hufukuzwi.

Na Kenya tumeingiaje? Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa Microsoft Access. Kwa kituo kimoja ilitosha. Lakini mpango wa AMPATH wa Eldoret ulipoanza kutibu maelfu ya watu wenye virusi vya Ukimwi, ilihitajika kitu cha kubeba mzigo mkubwa zaidi. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakaanza kuuchora mfumo mpya, OpenMRS. Ndani yake wakaweka MySQL. Februari 2006 ukaanza kutumika Eldoret, kisha ukasambaa nchi nyingine. KenyaEMR inayotumika kwenye vituo vyetu vya afya imejengwa juu yake.

Mwaka 2011 nchi nzima ikaingia kwenye DHIS2, mfumo unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao hutumia PostgreSQL. Huko ndiko hesabu za kila mwezi za vituo zinakokwenda: kina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa. Kwa hivyo ukidhani databesi ni mambo ya Wazungu wa mbali, jua mdogo wako akichanjwa anakuwa sehemu ya hesabu iliyo kwenye jedwali.

Sasa linaloniuma. KenyaEMR ilikua kwa sehemu kubwa kwa pesa za Marekani, na Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Msimbo haukuondoka, hakuna anayeweza kuunyang'anya. Lakini msimbo haujitunzi wenyewe. Sava inataka umeme, intaneti, na mtu anayejua kuiinua ikianguka. Huyo mtu nani anamlipa, na nani anamfundisha? GPL yenyewe inasema wazi kwamba haitoi dhamana yoyote. Kikiharibika, ni chako.

Hilo ndilo jibu la swali la laptopu. Data yako iko pale ulipoiweka, na kama ni sehemu moja tu, mwizi ameondoka nayo. Amri ya mysqldump, au pg_dump kwa PostgreSQL, inakutolea databesi nzima kwenye faili. Ihifadhi nje ya hiyo mashine. Halafu ijaribu kuirudisha, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009. Intaneti ya nchi hii imepitia mlangoni kwetu, halafu sisi tubaki kujua kubofya tu? Mimi nataka kuona vijana wa Kisauni, Likoni na Changamwe wakiajiriwa kuzitunza sava za hospitali za kaunti hii. Leseni imeshatupa ruhusa, na kujifunza hakuhitaji kibali cha mtu.

Anza na duka la mamako. Majedwali mawili, wateja na madeni. Ikifika Ijumaa, ifute databesi ya majaribio makusudi, uirudishe kutoka kwenye nakala. Ukikwama, niulize.