Kila Nyoka na Sanduku Lake

Tinde ipo penye njia panda. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo, tawi moja likishika Shinyanga mjini na Mwanza, jingine Kahama hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Pembeni mwa lami ni Usukuma wa wakulima: pamba, mtama, mahindi, na mpunga kwenye mbuga za udongo mweusi. Nafaka ikiingia ghalani panya huifuata, na nyoka huwafuata panya. Katika nchi ya namna hiyo ndimo kilimokulia Buyeye, chama cha siri ambacho wanachama wake, Bayeye, walikamata nyoka, wakatibu walioumwa, na baada ya mavuno wakatoka na nyoka wao uwanjani kwa ngoma. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa elimujamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikiandikia makala mwaka 1946, na mwaka 1953 akachapisha kitabu cha picha ambazo wacheza nyoka wa Tanganyika walichora kutani. Leo wafugaji wa nyoka wanabishana kama nyoka wawili wakae sanduku moja au kila mmoja na lake. Naamini kazi ya Bayeye inatuelekeza kwenye jibu: watengwe.

Sababu kubwa iko kwenye uganga. Aliyeumwa na moma, ambaye wengine humwita kifutu, huvimba, huumia vikali na nyama yake yaweza kuoza. Sumu ya koboko hushambulia neva, misuli ikalegea na pumzi ikakatika. Swila wa kutema anaweza kuharibu jicho bila hata kung'ata. Mganga wa nyoka anayeshindwa kuwapambanua hawa watatu hana kazi, na kuwapambanua ndiyo elimu ya kwanza kwa yeyote anayeishi nao. Sanduku lenye nyoka wa aina mbili linaifuta elimu hiyo papo hapo: mkono ukitoka humo na alama za meno, nani atasema ni ya yupi? Jicho nalo haliwezi kulinda vichwa viwili kwa wakati mmoja.

Nyoka wenyewe pia hutoa ushahidi. Swila hula nyoka wenzake, kwa hiyo kumweka na mwingine ni kumwandalia chakula. Hata wa aina moja wakimkamata panya mmoja, huyu kwa kichwa na yule kwa mkia, midomo inaweza kukutana na mkubwa akaendelea kumeza. Mmoja akitapika au akisusa kula, mfugaji hajui amtibu yupi. Dume na jike ndio balaa zaidi: moma huzaa watoto hai, na jike mmoja mwenye asili ya Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Ucheki alizaa 156 kwa mkupuo mmoja. Sijui nyumba gani ya kupanga ingewabeba hao.

Yupo atakayesema kwamba porini nyoka hukutwa wamejikunja ndani ya kichuguu kimoja. Ni kweli, lakini kichuguu kina milango mingi, pembe zenye joto na pembe zenye ubaridi, na asiyetaka ujirani huhama. Sanduku lina mlango mmoja, nao uko mikononi mwa binadamu. Nyoka wawili wanaolala wamepandiana humo mara nyingi wanagombea sehemu moja yenye joto, na kuuita huo urafiki ni kuwavika tabia zetu. Mwingine atataja ngoma, ambako chatu hubebwa mabegani bila madhara. Chatu hana sumu, na ngoma ni ya saa chache, machoni pa watu wanaomtazama yeye tu. Hiyo haifanani na usiku mzima ndani ya boksi lisilo na mlinzi.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la gharama, maana sanduku la pili ni mbao, kioo na joto la pili. Anayeshindwa na la pili afuge nyoka mmoja, tena kwa kibali, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujikamatia mnyama wa porini na kumweka nyumbani apendavyo. Na juu ya mfuniko aandike jina la nyoka aliyemo kwa herufi kubwa, ili siku ya ajali hata jirani asiyemjua nyoka yeyote alisome na kulitaja hospitalini.