Miaka 60 ya "Mfurahini, Haleluya": Deni kwa Wanamuziki wa Makumira

Mwaka 2026 inatimia miaka 60 tangu Bernard Kyamanywa, Mhaya aliyezaliwa mwaka 1938 na kuja kuwa mchungaji wa Kilutheri, alipotunga maneno ya wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", wimbo ambao leo huimbwa Bukoba na Berlin vilevile, ingawa wengi wanaouimba hawajui ulitoka katika mazingira gani wala ulizuka katikati ya ubishi gani.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikuwa changa wakati huo, kwani liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, na wachungaji wake walisomea katika chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Usa River mkoani Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1954. Hapo ndipo alipofundisha Howard S. Olson, mmisionari Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1922 na kufika Tanganyika mwaka 1946, ambaye aliwahimiza wanafunzi walete mahadhi ya kwao, yaani tuni zilizoimbwa nyumbani, shambani na arusini, kisha wayatungie maneno ya Injili. Olson hakuwa mpenda muziki tu, bali mwanaisimu aliyechapisha mwaka 1964 utafiti kuhusu sauti na maumbo ya maneno ya Kirimi, lugha ya Wanyaturu wa Singida, na inaelekea sikio lililozoea kupima lugha kwa namna hiyo ndilo lililomwonyesha kasoro ambayo wengine waliizoea.

Kasoro yenyewe ilikuwa hii: nyimbo za vitabuni zilikuwa tafsiri zilizobanwa ndani ya tuni za Kijerumani na za Kiskandinavia. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni nyingi za Kizungu huweka pigo zito kwenye silabi ya mwisho kabisa, hivyo mwimbaji alilazimika kukaza pasipostahili kukazwa. Katika Kihaya na Kirimi hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hizo ni lugha za toni, maana yake kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kutofautisha neno na neno, na tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine huvuruga mpangilio huo. Henry Weman, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Uppsala nchini Uswidi, alikwisha kuliandikia kitabu suala la muziki wa Kiafrika kanisani mwaka 1960, na Padri Stephen Mbunga, Mkatoliki wa Tanzania, alilichambua kwa upande wa sheria za kanisa lake mwaka 1963.

Hata hivyo hoja za kitaalamu hazikumaliza ubishi, na ni haki kusema kwamba waliopinga hawakuwa wamisionari peke yao. Waumini wazee walioacha ngoma walipobatizwa, na ambao wengine walitengwa na ndugu zao kwa uamuzi huo, hawakuona sababu ya kusikia madhabahuni mahadhi waliyoyahusisha na pombe, matambiko na sifa za watawala. Uchungu wao ulikuwa wa kweli na haufai kubezwa. Lakini Martin Luther mwenyewe, aliyeanzisha mapokeo hayo ya uimbaji, alichapisha wimbo wake wa Krismasi "Vom Himmel hoch" mwaka 1535 kwa tuni ya wimbo wa mtaani, kisha mwaka 1539 akaupa tuni mpya, kwa hiyo kila upande ungeweza kumtaja Luther kuwa shahidi wake. Kilichoshinda hatimaye ni uimbaji wenyewe: kiongozi huanzisha, kusanyiko huitikia, na asiyejua kusoma huimba pamoja na msomi bila kitabu mkononi.

Ubishi kama huo haukuwa wa Walutheri tu. Kwa mfano, Misikhu, magharibi mwa Kenya kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, imo katika eneo lililofikiwa zaidi na Marafiki, yaani Wakweka waliofika Kaimosi mwaka 1902, na Wakatoliki wa Mill Hill, ilhali Walutheri wa Uswidi walianza kazi yao Itierio, Kisii, mwaka 1948. Shule ya wasichana ya Misikhu imepewa jina la Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, katika nchi ya Wabukusu ambao litungu, kinubi chao cha nyuzi, kimechukua muda mrefu kukubalika mbele ya altare, kama ilivyokuwa kwa nanga, ala ya nyuzi ya Wahaya.

Mkusanyo wa Makumira, "Tumshangilie Mungu", ulienea upesi. Ulrich Leupold aliufasiri wimbo wa Kyamanywa kwa Kijerumani mwaka 1969, nao uko nambari 116 katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Olson aliufasiri kwa Kiingereza, akachapisha "Lead Us, Lord" mwaka 1977 na "Set Free" mwaka 1993, akafariki mwaka 2010.

Linaloumiza ni jinsi sifa ilivyogawanywa. Mtunzi wa maneno ametajwa na mfasiri ametajwa, lakini mbele ya tuni kitabu cha Kijerumani kimeandika tu kwamba imetoka Tanzania, kana kwamba nchi ndiyo iliyoimba. Mahadhi hayo yalitunzwa na mama walioyaimba wakibembeleza watoto, na baba walioyaongoza msibani, na baadaye na walimu wa kwaya waliowafundisha majirani bila malipo baada ya kazi za shamba, nao hawamo katika daftari la usharika wowote kama wanamuziki. Makumira sasa inatoa shahada ya muziki, na wanafunzi wake wangeweza kwenda Kagera na Singida kuuliza kila wimbo ulitoka kwa nani, huku wakikumbuka kwamba aliyekuwa na miaka 28 mwaka 1966 anatimiza 88 mwaka huu wa kumbukumbu.